Umepiga Ngapi?

Vijana wenzangu, nina ugomvi na neno "ngapi".

Nenda Coco Beach, Dar es Salaam, alfajiri ya Jumamosi, uwasikilize wakimbiaji wakinyoosha viungo. "Leo umepiga ngapi?" "Kumi na nane." "Aa, mimi jana nilipiga ishirini na moja." Basi, mazungumzo yamekwisha. Kila mtu anaikodolea macho saa yake ya mkononi kama muuza genge anayehesabu chenji. Huyo wa kumi na nane alitokea Kimara au alizunguka uwanja wa mpira? Alikimbia na nani? Jua lilimkuta wapi? Hakuna anayeuliza. Hata mashindano yamenyang'anywa majina. Watu hawaendi kukimbia Moshi, wanaenda "kupiga ishirini na moja", na ule mpando wa kuelekea Mweka, unaogeuza miguu kuwa magogo, unafutwa na tarakimu mbili.

Nasema lugha hii inadanganya. Sisemi wakimbiaji ni waongo, hapana, kilomita zao wamezikimbia kweli. Uongo ni kudhani kwamba ukishataja namba umesimulia kitu.

Chukua Mexico City, 1968. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2:20:26. Zaidi ya saa nzima baadaye, watazamaji wengi wakiwa wameshaondoka, akaingia uwanjani John Stephen Akhwari wa Tanzania, mguu umefungwa bandeji, anachechemea. Alikuwa ameanguka njiani na kuumia goti. Akamaliza wa 57, nyuma yake hakuna mtu. Sasa waulize wapiga kilomita: Wolde alipiga ngapi? Arobaini na mbili. Na Akhwari? Arobaini na mbili. Ngoma droo! Ukiongeza muda utajua tu kwamba mmoja alichelewa. Lugha isiyo na nafasi ya lile goti ina kazi gani kwetu?

Na hiyo 42.195 yenyewe, inayotajwa kwa heshima kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni! Athens, 1896, zilikuwa kama kilomita 40 tu. Waingereza mwaka 1908 wakaanzishia mbio kwenye kasri la Windsor na kuzimalizia mbele ya jukwaa la kifalme uwanjani London, na mwaka 1921 urefu huo ukafanywa sheria ya dunia. Yaani mtu wa Mbagala anakata roho mita za mwisho kwa sababu ya mahali walipowekewa viti wakubwa wa Uingereza. Hilo nalo si la kusimulia? Lina utamu kuliko namba.

Najua nitajibiwa: mbona mabingwa nao wanahesabu? Ni kweli, wanahesabu, na daftari la kocha ndipo mahali pake. Lakini kocha anajua kwamba kilomita ya Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, si kilomita ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Mpiga domo wa kijiweni hajui, au anajua na hajali. Oktoba 2023 Kelvin Kiptum alikimbia Chicago kwa saa 2:00:35 na kuvunja rekodi ya dunia. Kocha wake, Gervais Hakizimana, alieleza kwamba kijana huyo hukimbia zaidi ya kilomita 250 kwa wiki, wiki nyingine kupita 300. Namba ikaenea kama moto wa nyika. Kwamba kocha huyohuyo alimwonya kuwa mwendo ule utammaliza mapema, hilo halikuenea. Wote wawili walifariki katika ajali ya gari Februari 2024. Ile 300 bado inatembea, imeacha onyo nyuma, na inawafikia vijana wanaobeba zege mchana kutwa na kutaka kuiga jioni.

Mbona sisi tulikuwa na lugha nyingine? Mchakamchaka wa shule ya msingi haukuwa na kilomita. Ulikuwa na mwimbishaji, vumbi, na mwalimu na fimbo yake nyuma. Tulijua tumefika mbali sauti ya mwimbishaji ilipokauka na mwingine akampokea wimbo. Vikundi vya jogging vya Temeke vimeurithi mtindo huo, ndiyo maana utavisikia kabla hujaviona. Na Afrika Kusini kuna mbio za Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90. Huko watu huulizana: ulikimbia mwaka wa kupanda au wa kushuka? Wanajua mlima una la kusema.

Nanyi waandishi chipukizi msijichekeleshe, maana ugonjwa huu umeshaingia kwenye hadithi zenu. "Alikimbia kilomita kumi bila kupumzika." Nimelikuta sentensi hilo mpaka nimelichoka. Kumi za wapi, mshikaji? Mtoe mhusika wako Ubungo, mpandishe Kimara saa kumi na mbili jioni, lori linampumulia mgongoni, konda wa daladala anamzomea kutoka mlangoni, raba ya kushoto inaachama. Hata zisipofika kumi, mimi nitasoma.