Goti la Mfanyakazi Si Jambo Dogo



Katika mikutano yetu twasema sana juu ya mishahara, nyumba na saa za kazi, na ni haki tuseme. Lakini liko jambo moja ambalo silisikii likitajwa, wala na viongozi wala na sisi wenyewe. Jambo hilo ni magoti yetu.

Watu wa gengi wanajua nisemalo. Kushindilia kokoto chini ya mataruma, kukaza vyuma vya reli, kuinua taruma na kuliweka mahali pake: kazi hizi hufanywa kwa kuchuchumaa au kupiga magoti, tena juu ya mawe. Fundi wa karakana naye hujipenyeza chini ya behewa. Mtu akifika miaka 45 goti lake hulia kama bawaba isiyo na mafuta. Wenzake humcheka na kumwita mzee, naye hununua vidonge dukani, habari ikaishia hapo. Mimi nasema haiishii hapo.

Wengi wetu huita maumivu hayo baridi yabisi, na kulaumu mvua au upepo wa ziwa. Ugonjwa ninaousema hauletwi na baridi. Ndani ya goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu kigumu kidogo lakini chenye kuteleza, kinachozuia mfupa usisage mfupa. Gegedu hilo likilika, goti huvimba, hukaza asubuhi, na huuma mtu apandapo mlima, na zaidi ashukapo. Wanaopatwa zaidi ni wenye umri mkubwa, wanawake, watu wazito, walioumia goti zamani, na wale ambao kazi yao ni kupiga magoti na kubeba vizito. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikisia kwamba mwaka 2019 watu milioni 365 walikuwa na ugonjwa huu wa magoti.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo lilipo neno lenyewe. Goti halimwui mtu. Lakini goti humzuia mtu kutembea, na asiyetembea huongeza uzito, presha yake hupanda, sukari huingia, moyo hudhoofika. Mwaka 2011 wataalamu wa Uswisi na Uingereza walitoa habari za watu 1,163 wa kusini-magharibi ya Uingereza waliokuwa na ugonjwa huu wa magoti au wa nyonga, ambao walifuatiliwa kwa miaka mingi. Mahali palipotazamiwa vifo 100 kwa watu wa umri wao, vilitokea vifo 155. Tena waliokuwa wakishindwa kutembea ndio waliokuwa katika hatari zaidi. Tafiti nyingine hazikubaliani zote juu ya ukubwa wa hesabu hiyo, lakini jambo la kushindwa kutembea limeonekana tena kwingine. Basi ndugu, mguu ukisimama, na siku za mtu hupungua.

Hapa Maseno tunaweza kulielewa jambo hili bila daktari. Nchi yetu ni ya kupanda na kushuka. Mtu ambaye goti limemshinda haendi soko la Luanda kwa miguu, haendi shambani, haendi kanisani. Hungoja bodaboda, na siku asipokuwa na nauli hukaa kitini. Mwaka wa kwanza hukaa kwa sababu ya goti. Mwaka wa tatu hukaa kwa sababu mwili mzima umechoka kukaa.

Wako watakaosema, "Huo ni uzee tu, kazi haihusiki." Nawajibu kwa mifano ya nchi nyingine. Uingereza, mwaka 2009, serikali iliukubali ugonjwa huu kuwa ugonjwa wa kazi kwa wachimba makaa waliofanya kazi chini ya ardhi miaka 10 au zaidi. Mwaka 2012 wakaongezwa watandika mazulia na mafundi wa sakafu waliofanya kazi hiyo miaka 20. Ujerumani nayo iliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kazi mwaka 2009, kwa mtu aliyepiga magoti kazini jumla ya saa 13,000, angalau saa moja kila zamu.

Tufanye hesabu ya darasani. Mtu akipiga magoti saa 2 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, ni saa 500. Atafikisha saa 13,000 katika miaka 26. Aliyeanza kazi na miaka 20 atakuwa na miaka 46. Je, huyo ni mzee? Ni baba mwenye watoto shuleni bado.

Kenya tuna Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini ya mwaka 2007, nayo haisemi ajali peke yake, inasema na magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini mtu akienda kudai bila maandishi, ataambiwa goti lake limezeeka. Kwa hiyo naomba chama kidai mambo manne. Kwanza, kila gengi na kila karakana iwe na daftari la kuandika saa za kupiga magoti na vizito vilivyoinuliwa. Pili, wafanyakazi wapewe vikinga vya magoti na zana za mipini mirefu, na penye mashine ya kushindilia kokoto mtu asitumwe kuishindana. Tatu, magoti yapimwe mapema, kabla mtu hajaanza kuchechemea. Nne, anayeumwa apewe kazi nyepesi asiachishwe, maana akijua atafukuzwa ataficha maumivu mpaka goti liharibike kabisa.

Nasi wenyewe tuna wajibu. Mtu akiumwa goti huambiwa akae apumzike. Kupumzika siku mbili tatu wakati wa uvimbe ni sawa, lakini kukaa miezi ni kujimaliza. Misuli ya paja ndiyo nguzo ya goti. Kaa kitini, nyosha mguu mbele, uushike hapo kidogo, ushushe. Rudia kila siku. Tembea kila siku kwa kadiri unavyoweza, hata kwa fimbo; fimbo si aibu. Mwenye uzito mwingi aupunguze, kwani kila kilo moja anayoipunguza huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Na vidonge vya maumivu visiliwe mwezi baada ya mwezi bila kumwona daktari, kwa maana vingi huumiza tumbo, figo na moyo. Tusiponye goti kwa kuua figo.

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwajiri anahesabu mataruma yote ya njia, na lililooza hubadilishwa. Goti la aliyelitandika taruma hilo halina akiba ghalani. Basi katika mkutano ujao wa tawi, jambo hili liandikwe katika ajenda, na kila mwanachama aje na hesabu ya saa zake.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli, Maseno