Likivuja leo, afadhali

Gari la kukunja paa ni starehe ya watu wachache. Unabonyeza kitufe, paa linajikunja kama mwavuli, linajificha nyuma ya siti, na wewe unapita barabara ya baharini upepo unakupiga usoni. Wanasoka wanayapenda sana magari haya. Mchezaji akisaini mkataba mnono, haipiti wiki utamwona mtandaoni kaegemea gari la wazi, miwani usoni, mnyororo shingoni. Hatumwonei wivu. Jasho lake.

Ila waulize mafundi wa gereji. Watakwambia gari la aina hii, hata likiwa jipya linanukia rangi, lina vijimambo vyake. Si injini, si breki. Ni vitu vidogo vya juu. Kioo cha mlango hakina fremu ya kukishika. Ukifungua mlango kinashuka kidogo, ukifunga kinapanda kwenda kujibana kwenye mpira wa paa. Kikikosea kidogo tu, upepo unakupigia mluzi sikioni safari nzima, na mvua ikinyesha unadondokewa begani. Vijifereji vya kutolea maji vikizibwa na majani, maji yanaingia hadi chini ya zulia. Paa la turubai ukilikunja likiwa limelowa, linaota ukungu.

Mwenye gari hapo ana njia mbili. Ya kwanza, alirudishe alikolinunua kesho yake asubuhi, waranti ikiwa bado hai, kioo kiwekwe sawa, mambo yaishe. Ya pili, akae kimya kwa aibu, maana kishawatambia washkaji wote kwamba gari halina mfano. Anaweka kitambaa mlangoni, anaomba mvua isinyeshe. Waranti inaisha, masika yanaingia. Hapo ndipo atajua hajui.

Sasa unajiuliza, habari za vioo vya magari zimefuata nini kwenye kurasa za soka? Sikiliza. Gari kubwa kuliko yote duniani la kukunja paa halikutengenezwa na Ferrari wala Mercedes. Ni uwanja wa mpira. Upo Frankfurt, Ujerumani, unaitwa Waldstadion, nyumbani kwa Eintracht Frankfurt. Jina hilo la utani waliupa Wajerumani wenyewe, na ukiuona paa lake utakubali. Majukwaa yamefunikwa na paa lisilosogea, lakini katikati, juu ya nyasi, kuna turubai linalovutwa kwa nyaya. Mvua ikija linatandazwa. Jua likitoka linakunjwa na kufichwa ndani ya boksi la skrini kubwa linaloning'inia katikati ya uwanja.

Uwanja huo ulijengwa upya kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2006. Mwaka mmoja kabla, Juni 29, 2005, ukachezewa fainali ya Kombe la Mabara. Brazil na Argentina, unataka nini tena? Mvua ikashuka ya nguvu. Wajerumani, watu wa mashine, wakafunga paa lao jipya. Mpira ukaanza.

Paa likavuja!

Wala haikuwa matone ya kuhesabu. Maji yaliyojikusanya juu ya turubai yakapata upenyo, yakaanza kumiminika uwanjani upande wa kona kama mtu kafungulia bomba. Brazil wakashinda 4-1, Adriano akafunga mawili, Kaka na Ronaldinho moja moja, Argentina wakajifariji kwa bao la Aimar. Lakini waliokuwa kwenye televisheni waliona na lile bomba pia. Nchi inayosifika kwa uhandisi, uwanja mpya, fainali, dunia nzima inatazama, halafu paa linavuja.

Aibu? Ndiyo. Ila hesabu tarehe. Kombe la Dunia lilianza Juni 9, 2006. Wajerumani walikuwa na zaidi ya miezi 11 mkononi. Na Julai 1, 2006, kwenye uwanja uleule, Brazil walirudi kucheza robo fainali na Ufaransa. Mtajie shabiki yeyote mechi ile leo. Atakusimulia Zidane alivyowachezea Wabrazili, na jinsi alivyopiga faulo ikamkuta Henry peke yake kwenye nguzo ya mbali. 1-0, Brazil nyumbani. Habari ya paa hatakutajia.

Hilo ndilo ninalotaka tulishike. Kombe la Mabara lilikuwa jaribio, na jaribio limewekwa ili vitu vivuje. Paa likivuja siku ya majaribio limekufanyia hisani. Limekuonyesha tundu wakati fundi bado yuko eneo la kazi na hela yake hajamaliza kulipwa.

Tuvuke mpaka kidogo, twende Poland. Warsaw nako wana uwanja wa taifa wenye paa la kukunja, uliofunguliwa mwaka 2012. Oktoba 16 mwaka huohuo England walikwenda pale kwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Paa likaachwa wazi. Mvua ikaja, ikanyesha mpaka nyasi zikawa bwawa. Funga paa basi! Haiwezekani bwana. Turubai lile halitakiwi kusogezwa mvua ikiwa inanyesha. Mwamuzi Gianluca Rocchi akaingia na mpira mkononi, akaudundisha, mpira ukagoma kudunda. Mechi ikaahirishwa hadi kesho yake, ikaisha 1-1, Rooney kwa England, Glik kwa Poland. Mashabiki wengine siku ile waliruka uzio wakaenda kuteleza kwenye maji kama watoto. Uwanja wa kisasa kabisa, wenye paa, mechi imeahirishwa kwa sababu ya mvua.

Paa la Warsaw siku ile halikuwa bovu. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuamua mapema, angali mawingu hayajafika. Ni sawasawa na mwenye gari la wazi anayeona wingu jeusi, anasema aah, litapita.

Lakini Wapoland wana kisa kingine. Novemba 2022, uwanja huohuo ulikaguliwa, wahandisi wakakuta kasoro kwenye chuma kimoja cha mhimili wa paa. Siku chache mbele kulikuwa na mechi ya kirafiki dhidi ya Chile, ya kuagana kabla ya kwenda Qatar. Wakafunga uwanja. Mechi ikahamishiwa uwanja wa Legia, Poland wakashinda 1-0, kila mtu akarudi nyumbani mzima. Tiketi zilisumbua, watu walilalamika. Sawa. Lakini kasoro ile ilikutwa na wakaguzi kabla haijawakuta mashabiki wakiwa wamekaa chini yake.

Haya, turudi nyumbani.

Mei 2025 Simba wametinga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wamepigwa 2-0 kule Berkane, wanarudi kupindua meza. Kila Mwanasimba anajua meza inapinduliwa wapi. Kwa Mkapa hatoki mtu! Watu 60,000, ngoma, filimbi, Mwarabu anatetemeka kuanzia kwenye korido. Ikafika siku, fainali ikapigwa Zanzibar, New Amaan, uwanja mdogo mno ukilinganisha na Kwa Mkapa. Sababu? CAF hawakuridhika na hali ya eneo la kuchezea. Nyasi na maji, basi. Ikaisha 1-1, kombe likaenda Morocco.

Sisemi Simba wangeshinda wangekuwa Kwa Mkapa. RS Berkane walikuwa timu. Wazanzibari nao walijaa na kushangilia mpaka sauti zikakauka. Ninachosema ni kwamba klabu ilifika fainali ya Afrika ikakosa silaha yake kubwa kwa jambo ambalo halikuanza siku ile. Nyasi haziharibiki usiku mmoja. Miaka miwili kabla, Aprili 2023, Yanga na Rivers United walisimamishwa hapohapo Kwa Mkapa, taa zimezimika katikati ya robo fainali, bara zima linatazama giza. Taa nazo, kabla ya kuzimika, kuna mahali zilikuwa zimeanza kupepesa.

Mbele yetu sasa kuna AFCON 2027, ya kwetu sote, Tanzania, Kenya na Uganda. Kuna viwanja vipya, Arusha, Talanta kule Nairobi, Hoima kule Uganda. Kombe la Mabara la kwetu tulishalipata, ni CHAN ya Agosti 2025, iliyofunguliwa Kwa Mkapa na kumalizikia Kasarani. Kasarani kule mashabiki wasio na tiketi walivamia mageti mpaka CAF wakapunguza idadi ya watu wa kuingia. Hayo ndiyo matone ya mwanzo. Swali ni kama tunayakinga kwa ndoo au tunapanda juu kutafuta tundu.

Na hapa ndipo tuna ugonjwa wetu. Shabiki akipiga picha maji yanadondokea siti yake kwenye uwanja mpya, akairusha mtandaoni, anashambuliwa. "Huna uzalendo." "Una chuki binafsi." "Wenzako wanajenga wewe unabomoa." Akitokea ofisa kujibu, atasema ni hitilafu ndogo, wananchi wapuuze. Lahaula! Hitilafu ndogo ndiyo haswa ya kutopuuzwa, kwa kuwa ndiyo pekee inayotengenezeka kwa bei ndogo.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Hapa mchukuzi ni mkandarasi. Mikataba ya ujenzi kwa kawaida ina muda wa matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, ambapo kasoro zikionekana anazitengeneza kwa gharama yake, na sehemu ya malipo yake inakuwa imeshikiliwa mpaka muda uishe. Hiyo ndiyo waranti ya uwanja. Kila siku tunayokaa kimya kulinda sifa, pakacha linavuja, yeye mzigo unampungukia. Muda ukiisha anachukua chake anapanda ndege. Bomba, taa, kiti kilicholegea na paa linalodondosha, vyote vinakuwa vya kwetu, na bili ni ya kodi ya muuza chipsi wa Temeke.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa wenye viwanja.

La kwanza, ijazeni nyumba kabla ya wageni. Uwanja mpya usifunguliwe kwa hotuba na ngoma halafu ukafungwa hadi siku ya mashindano. Leteni dabi, leteni mechi za ligi za usiku, na zaidi ya yote leteni mechi masika. Paa halijaribiwi kiangazi. Watu waliokaa kote, vyoo vinatumika, mageti yanafanya kazi, mvua inapiga. Hapo uwanja utasema wenyewe unapoumwa.

La pili, orodha ya kasoro itoke hadharani. Jukwaa fulani linavuja, litatengenezwa na nani, lini. Mkiandika, hakuna wa kuwazushia. Mkificha, kila mwenye simu anageuka mkaguzi, na atatia chumvi.

La tatu, awepo mtu mmoja mwenye funguo na mamlaka. Wingu likionekana, yeye ndiye anaamua. Jenereta liwashwe saa ngapi, nyasi zifunikwe, mechi ichezwe au isichezwe. Siyo mpaka apigiwe mkubwa aliye kikaoni Dodoma. Warsaw walikuwa na paa na hawakuwa na mtu huyo.

Na sisi mashabiki tuna kazi. Ukienda uwanja mpya, shangilia, piga selfie, tukana refa kwa adabu. Lakini tone likikuangukia, usihame siti kimyakimya. Piga picha, andika namba ya jukwaa na ya siti, peleka kwa wasimamizi, na wasipojibu, sema kwa sauti. Anayefanya hivyo anaipenda nchi kuliko anayeweka emoji za bendera. Mficha uchi hazai.

Kuna watakaosema tunatafuta kasoro kwenye raha. Hapana. Aliyenunua gari jipya la kukunja paa akalirudisha kwa sababu kioo kinapiga mluzi halichukii gari lake. Analipenda, na anataka alipande miaka kumi. Wajerumani waliona aibu ya usiku mmoja mwaka 2005. Sisi tukiikubali aibu ndogo leo, siku ya fainali yetu tutakuwa na kazi moja tu, kubishana ile ilikuwa penalti au siyo.