Gunia Halisomi Jina

Msomaji wangu, nimefundisha elimu ya viumbe kwa miaka thelathini na mmoja, na kila mwaka nilisema uongo uleule, tena kwa sauti kubwa na chaki mkononi. Nikifika kwenye virusi vinavyoshambulia bakteria, ambavyo wataalamu huviita faji, nilieleza vizuri jinsi kirusi kinavyoingiza DNA yake ndani ya bakteria, kinavyojitengenezea nakala, na jinsi nakala hizo zinavyompasua mwenyeji wao na kutoka. Kisha nikimaliza nilisema: "Mara chache hutokea kosa, kirusi kikabeba DNA ya bakteria badala ya yake." Hapo hapo nafuta ubao. Neno hilo "kosa" ndilo ninalotaka kugombana nalo leo, na kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa waliolieneza, nitagombana na nafsi yangu pia.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1952 kijana mmoja mwanafunzi, Norton Zinder, pamoja na mwalimu wake Joshua Lederberg, huko Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walikuwa wakichunguza bakteria wa Salmonella. Walichukua bomba la kioo lenye umbo la U, katikati wakalizibia chujio lenye matundu madogo mno, bakteria asiweze kupenya. Upande huu waliweka kabila moja la bakteria, upande ule kabila jingine, na kila kabila lilikuwa na upungufu wake, haliwezi kujitengenezea virutubisho fulani. Baada ya muda, wakapatikana upande mmoja bakteria waliopona upungufu wao. Walipona vipi na ukuta upo? Kimeng'enya kinachosaga DNA iliyo tupu hakikuzuia lolote, maana yake DNA ile ilisafiri ikiwa imefungwa ndani ya kitu. Kitu hicho kilikuja kujulikana kuwa ni faji, yule anayeitwa P22, aliyekuwa amejilalia ndani ya kabila mojawapo bila kumsumbua mtu.

Mwaka huohuo wa 1952 Hershey na Chase walifanya jaribio lao la kuonyesha kwamba DNA ndiyo inayobeba urithi. Hilo nililifundisha kwa siku mbili nzima, na mitihani ililiuliza. La Zinder sikulifundisha hata kwa robo saa.

Sasa tazama kirusi hiki kinavyofunga mizigo yake. Mimi nimekulia Mtwara, na msimu wa korosho nilikuwa nikipeleka chakula kwa mjomba wangu ghalani. Kijana wa kujaza magunia haulizi korosho hizi za shamba la nani. Anaonyeshwa pa kuanzia, anajaza mpaka gunia linakaza, anashona, anavuta gunia jingine. P22 hufanya vivyo hivyo. DNA yake hutengenezwa ikiwa kamba ndefu, nakala juu ya nakala. Mtambo wa kufunga hutafuta alama fulani kwenye kamba, huanzia hapo, husukuma DNA ndani ya kichwa cha kirusi mpaka kichwa kijae, hukata, kisha huendelea kujaza kichwa kinachofuata. Kinachomwambia akate si mwisho wa jeni za kirusi. Ni kujaa.

Na katika DNA ya bakteria mwenyewe zimo sehemu zinazofanana na alama ile. Mtambo ukiangukia hapo, unaanza kujaza vilevile. Kichwa kimoja huchukua jozi za herufi kama 44,000, na Salmonella anazo zaidi kidogo ya milioni nne na nusu. Kwa hiyo mchukuzi mmoja huondoka na karibu sehemu moja ya mia ya urithi wote wa bakteria. Akifika kwa bakteria mwingine hamuui, kwa sababu hana jeni hata moja ya kirusi. Anamkabidhi mzigo. Basi.

Watetezi wa neno "kosa" watasema wachukuzi hao ni mmoja au wawili tu katika kila virusi mia. Ni kweli kwa P22. Lakini bakteria mmoja akipasuka hutoa virusi mamia, na katika chupa moja ya maabara bakteria ni mamilioni kwa mamilioni. Isitoshe, mwaka 1972 Schmieger alieleza P22 waliobadilika kidogo tu katika mtambo ule, na miongoni mwao karibu nusu ya virusi vyote hubeba DNA ya bakteria. Kwangu mimi, jambo linaloweza kupanda kutoka mbili katika mia hadi hamsini katika mia kwa badiliko dogo la mtambo ni kipimo cha mtambo huo. Kosa ni kitu kingine.

Kisha yakaja ya mwaka 2018. Ilionyeshwa kwa bakteria wa Staphylococcus aureus kwamba virusi vilivyolala ndani ya DNA ya bakteria, vikiamka, vingine huanza kufunga mizigo kabla havijajichomoa. Mjazaji anaanzia kwenye rundo lake mwenyewe, lakini rundo lake limeungana na la jirani bila ukuta, naye anaendelea tu, gunia baada ya gunia, ndani ya mali ya jirani. Jeni zilizo upande huo husafirishwa mara elfu na zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2021 ikaonekana kwamba P22, yuleyule wa Zinder, naye hufanya hivyo, tena kama sehemu ya maisha yake ya kawaida. Miaka sitini na tisa tulikuwa tukimwita mkosaji.

Mtu ataniuliza: neno tu, mzee, linakuwasha nini? Nitasema linaloniwasha.

Mke wangu alitokwa na jipu pajani. Alipewa vidonge, halikupona. Akapewa vingine, likahamia kiunoni. Ilikuwa mwezi wa tatu ndipo walipootesha usaha maabara na kukuta Staphylococcus asiyesikia zile dawa zote mbili. Jirani yetu, mama mwenye busara zake, alikuja kumwangalia akasema, "Pole, dada. Mwili wako umeizoea dawa." Nilikasirika, kisha nikaona aibu, kwani nani alimfundisha tofauti? Mwili haukuzoea kitu. Aliyezoea ni bakteria, na bakteria huyo hakulazimika kujifunzia ndani ya mke wangu. Katika jamii hii ya bakteria, faji ndio wachukuzi wakuu wa jeni za usugu. Huenda jeni ile ilipatikana kwenye mwili wa mtu ambaye hatutamjua kamwe, ikajazwa guniani, ikashonwa.

Sisemi usugu wote huenda kwa njia hii. Salmonella na ndugu zake hupeana zaidi kwa vipande vya duara viitwavyo plasmidi, bakteria akimgusa mwenzake. Anayesema kila kitu ni faji naye anapotosha. Lakini plasmidi ndogo nazo huingia ndani ya vichwa vya faji, maana gunia halisomi jina la plasmidi pia.

Na kuna hili linalonikera zaidi. Dawa za jamii ya ciprofloxacin huharibu DNA ya bakteria, na uharibifu huo ndio kengele inayowaamsha virusi waliolala. Mwanafunzi wangu wa zamani ana duka la dawa. Nilikuwa nimekaa pale siku moja akamuuzia kijana mwenye mafua ya kawaida vidonge vinne vya ciprofloxacin. Mafua ni ya virusi vya watu, dawa ile haivigusi kabisa. Kijana alipoondoka nikamwuliza kwa nini. "Shikamoo tena, Mwalimu," akacheka, "mtu na mwili wake. Asiponunua kwangu atanunua ng'ambo ya barabara." Mtu na mwili wake! Dawa ile haina la kufanya na mafua, lakini itawakuta bakteria wanaokaa salama ndani ya kijana yule, na huenda ikaamsha wajazaji magunia.

Nilichukua karatasi ya kufungia vidonge nikamchorea kamba, alama, kichwa kinachojaa. Alitazama muda mrefu. Akauliza, "Na hicho kirusi kilichobeba mzigo wa bakteria, chenyewe kinapata nini?"

Nikamwambia hakipati kitu, hakina hata jeni moja ya kuzaa.

"Mbona darasani ulituambia ni kosa, ukafuta ubao?"

Alikumbuka. Miaka ishirini na miwili imepita, na katika yote niliyomfundisha amekumbuka lile.