Bawasiri si ya kufichwa

Mficha uchi hazai, na mficha bawasiri huweza kuishiwa damu. Wengi huvumilia kimyakimya kwa kuogopa kisu. Lakini mwaka 2014 madaktari wa Marseille, Ufaransa, walieleza njia nyingine: mrija mwembamba hupitishwa katika ateri ya kinena hadi kwenye matawi yanayolisha bawasiri, kisha koili ndogo za waya huyaziba. Mgonjwa hubaki macho, na mara nyingi hurudi nyumbani mapema.

Tiba hii haimfai kila mtu. Hata hivyo, hapa Tanzania, Muhimbili tayari inafundisha wataalamu wa tiba za aina hii, zinazofanywa kwa mrija ndani ya mishipa. Serikali iwape vifaa, nayo bima ya afya igharimie tiba hii kwa wanaostahili. Nawe unayetokwa damu chooni, usijitibu kwa kubahatisha. Huenda ni saratani. Kapimwe.