Hesabu ya Maiti na Ngazi za Amri

Wapo wanaoshikilia kwamba nadharia ya vichocheo haina nafasi jeshini. Askari, wanasema, si kibarua wa kulipwa kwa kipande. Hupewa amri akaitii. Dai hilo linasahau kwamba amri hushuka ngazi, ilhali habari hupanda ngazi zizo hizo, nazo hupandishwa na watu wenye vyeo vya kutafuta na vya kupoteza.

Vita vya Marekani nchini Vietnam ni ushahidi tosha. Kwa kuwa havikuwa na mstari wa mbele wa kusogezwa, ushindi ulipimwa kwa idadi ya maiti za adui. Kamanda wa batalioni alishika wadhifa wake kwa miezi sita hivi. Katika muda huo mfupi ndimo alimojijengea jina au kulipoteza. Mwaka 1991, Bengt Holmström na Paul Milgrom walionyesha kwamba mtu mwenye majukumu kadhaa, akituzwa sana kwa lile linalohesabika, huyapuuza mengine. Kumlinda mwanakijiji hakukuwa na tarakimu. Kumuua kulikuwa nayo, maadamu maiti yake iliweza kuandikwa kuwa ya adui.

Katika operesheni ya Speedy Express, kwenye delta ya Mto Mekong, Divisheni ya 9 ilitangaza kuwa imeua maadui 10,899 kati ya Desemba 1968 na Mei 1969. Silaha zilizotekwa zilikuwa 748. Mwanafunzi wa fasihi, aliyezoea kuisaili kauli ya msimulizi, angeuona ufa huo mara moja: silaha moja kwa kila maiti kumi na nne! Maelezo yalitolewa, kwamba wengi waliuawa usiku au kutoka angani. Yakakubaliwa. Aprili 1969, kabla operesheni haijamalizika, Jenerali Julian Ewell aliyeiongoza divisheni hiyo alikabidhiwa kikosi kikubwa zaidi.

Basi ni kosa kumtupia lawama zote luteni aliyeongeza sifuri porini. Kila aliyekuwa juu yake alinufaika kwa kumwamini, na yule ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza ndiye aliyekuwa na sababu ndogo kabisa ya kuuliza. Mwaka 1974 Douglas Kinnard, jenerali mstaafu, aliwahoji majenerali waliokuwa makamanda Vietnam. Asilimia 61 walijibu kwamba mara nyingi hesabu ilitiwa chumvi. Wakati huo majeshi ya Marekani yalikuwa yamekwisha kurejea kwao.