Mafunzo ya Watoto Jumapili: Nani Ameyasoma Kwanza?

Ndugu msomaji, Jumapili iliyopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na mazungumzo yetu juu ya gharama za kufungua shule. Naomba radhi. Habari hiyo itasubiri juma moja, kwa sababu nyumbani kwangu limetokea jambo ambalo nadhani limekwisha kutokea, au litatokea, katika nyumba nyingi za wasomaji wa ukurasa huu.

Babu mzaa mama wa watoto wangu amekuja kutoka Tanga kutibiwa macho. Mzee huyu ni Mwislamu. Marehemu mkewe alikuwa Mkristo, na mama watoto wangu akafuata dini ya mama yake. Nyumba za namna hii ni nyingi nchini mwetu, na kwetu sisi jambo hilo halijapata kuleta mzozo hata siku moja. Kila alfajiri binti yetu wa miaka saba ndiye humpelekea babu maji ya kutawadha, na kazi hiyo huionea fahari.

Jumatatu iliyopita hakuyapeleka. Aliposalimia, alisimama mlangoni. Usiku tukamsikia analia. Mama yake alipombembeleza, mtoto alitoa chini ya mto karatasi aliyopewa kanisani siku iliyotangulia. Karatasi ilichorwa njia mbili, moja ikielekea kwenye nuru na nyingine kwenye moto, na chini yake watoto waliagizwa kuandika majina ya watu wa nyumbani kwao, kila mmoja katika njia yake. Upande wa moto binti yangu alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa zisizonyooka, BABU TANGA.

Nilimwendea mwalimu wake. Ni msichana mwenye moyo mwema, anayeshinda dukani siku sita na kuitoa siku ya saba kwa watoto wetu bila malipo. Akaniambia, “Hata mimi, kaka, somo lile sikulipenda. Lakini ndilo lililokuwa zamu yake kitabuni.” Nilipouliza kitabu kilitoka wapi, nikaambiwa kilikuja katika sanduku la zawadi kutoka ng’ambo. Kilifasiriwa, kikapigwa chapa, wazee wakashukuru, na mambo yakaishia hapo. Katika watu wazima wote wa usharika ule hapakuwa na hata mmoja, nami nikiwamo, aliyekisoma kutoka mwanzo hadi mwisho kabla hakijawafikia watoto.

Hilo ndilo kosa ninalotaka tulizungumze leo. Mama anunuapo unga huutazama kama una wadudu. Baba anunuapo viatu vya mtoto huvikunja soli. Lakini mafunzo yanayoingia katika roho ya mtoto tunayapokea yakiwa yamefungwa, nasi tunayatoa yakiwa yamefungwa.

Yafaa tukumbuke shule hizi zilikotoka. Mwaka 1780, katika mji wa Gloucester huko Uingereza, mhariri wa gazeti aitwaye Robert Raikes alianza kuwakusanya watoto maskini siku ya Jumapili. Wengi wao walifanya kazi siku sita, na Jumapili ndiyo iliyokuwa nafasi yao ya pekee ya kujifunza kusoma. Baadaye, mwaka 1872, mkutano uliofanyika Indianapolis, Marekani, ulikubali mpango wa somo moja kwa watu wote: Jumapili moja, sehemu moja ya Biblia, kwa mtoto mdogo na kwa mzee. Mpango ulienea sana, lakini walimu wa watoto walilalamika kwamba chakula cha mtu mzima hakimezwi na mtoto, na mwanzoni mwa karne ya 20 masomo yakaanza kupangwa kwa kufuata umri. Kwa hiyo kuuliza kama somo linamfaa mtoto si ukaidi wala upungufu wa imani. Ni swali ambalo makanisa yenyewe yamejiuliza kwa zaidi ya miaka mia moja.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mwaka una Jumapili 52. Tukiondoa sikukuu, mikutano mikubwa na siku za mvua, tuseme zinabaki 45. Kila somo likichukua dakika 40, mtoto hupata saa 30 kwa mwaka. Kutoka umri wa miaka minne hadi anapotimiza kumi na miwili, jumla ni saa 240, yaani siku kumi tu, usiku na mchana. Siku hizo kumi ni chache mno kuzipoteza, na zinatosha kabisa kumjaza mtoto hofu isiyomtoka.

Basi, ikiwa kanisani kwenu mnataka kuchagua mtaala, ama ule wa kununua, ama wa zawadi, ama huu unaopatikana bure kwenye intaneti, vipimo vifuatavyo vitawasaidia.

Kipimo cha kwanza ni Biblia yenyewe. Weka kitabu cha somo upande mmoja na Biblia upande wa pili, kisha soma vyote viwili. Utashangaa. Vitabu vingi huchora Hawa akiwa ameshika tofaa, ilhali kitabu cha Mwanzo kinasema tunda tu. Huchora mamajusi watatu, ilhali Injili ya Mathayo inataja zawadi za aina tatu na haitaji idadi ya watu. Haya ni madogo, lakini mwandishi anayeongeza katika madogo huenda akaongeza na katika makubwa. Tazama pia ni sehemu zipi zinazofundishwa. Kuna mitaala inayozunguka palepale, Nuhu na safina, Daudi na Goliathi, Yona na samaki, mwaka hata mwaka, hata mtoto akafikiri Biblia ni kitabu cha wanyama na mapigano. Mtaala mzuri huwafikisha watoto kwa manabii waliowatetea maskini, kwa Ruthu mgeni aliyepokewa, na kwa mifano ya Yesu. Mfano wa Msamaria mwema ungalikuwa dawa tosha kwa karatasi ile ya njia mbili.

Kipimo cha pili ni umri. Mtoto wa miaka minne au mitano huyachukua maneno kama yalivyo. Ukimwambia Yesu ataingia moyoni mwake, huuliza atapita wapi. Ukimwambia ataoshwa kwa damu, huogopa. Huyu apewe hadithi fupi, nyimbo, na mambo ya kushika kwa mikono. Mtoto wa miaka saba au minane hupenda haki, na hupima mema na mabaya kwa mizani kali. Kumpa kazi ya kuwahukumu jamaa zake ni kumpa kisu. Wa miaka kumi na kuendelea huanza kuuliza kwa nini, naye asinyamazishwe. Zipo habari nzito, kama ile ya Abrahamu na Isaka, ambazo hazina budi kungoja umri huo.

Kipimo cha tatu ni mazingira na lugha. Mchoro wa mtoto aliyevaa koti zito kwenye theluji una maana gani kwa mtoto wa Temeke? Yesu alisema habari za mpanzi, mchungaji, samaki, chachu na mafuta ya taa, vitu ambavyo watoto wetu wanaviona au wanasimuliwa na bibi zao. Hatuna sababu ya kuvipeleka Ulaya ili virudi kwetu vikiwa vimevaa makoti. Angalia pia lugha. Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, ina Kiswahili kitamu ambacho wengi wetu tumekulia, lakini mtoto wa mjini huhitaji kufafanuliwa maneno mengi. Biblia ya Habari Njema humwia nyepesi zaidi. Mwalimu mwenye busara huwa nazo zote mbili.

Kipimo cha nne ni mwalimu wenu mlio naye. Mitaala mingine imetungiwa mwalimu mwenye chumba chake, watoto kumi, rangi, mikasi na saa tatu za kujitayarisha. Wetu ana watoto themanini chini ya mwembe na kipande cha chaki. Chagueni kitabu ambacho mtu aliyemaliza kidato cha nne anaweza kukisoma Jumamosi jioni na kufundisha asubuhi yake, na chenye kumruhusu kuliacha somo lisilofaa. Mwalimu wa binti yangu alijua kwamba somo ni baya. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba anayo ruhusa ya kuliacha.

Kipimo cha tano ni fedha. Zawadi ya mwaka wa kwanza huweza kuwa deni la mwaka wa pili. Kama kila mtoto hana budi kuwa na kijitabu kipya kila robo mwaka, watoto themanini watahitaji vijitabu 320 kwa mwaka. Je, sadaka yenu itaweza? Aghalabu kitabu kimoja imara cha mwalimu, kinachotumika miaka mitatu, hufaa zaidi kuliko vijitabu vinavyochanika kabla ya Pasaka. Tena msitoe nakala za vitabu ovyo. Nchini mwetu ipo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Someni masharti, au mwombeni ruhusa mwenye kitabu.

Ndugu msomaji, yumkini wewe si mtu wa kanisa hilo, au si Mkristo kabisa. Haya yanakuhusu vilevile. Mzazi anayempeleka mtoto kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na mzazi anayempeleka madrasa, wote wana haki na wajibu wa kujua mtoto anafundishwa nini, kwa kitabu gani, na nani. Sisemi dini yoyote iache itikadi zake. Kila dini ina mafundisho yake juu ya mauti na hukumu, na wenye dini watayafundisha. Nasema kwamba mtoto wa miaka saba asifanywe karani wa hukumu hiyo ndani ya nyumba ya baba yake.

Kanisani kwetu sasa wameteuliwa watu watano: mwinjilisti, walimu wawili na wazazi wawili. Wamegawana kitabu kizima, kila mmoja kurasa zake, nao watakisoma chote kabla ya mwisho wa mwezi. Nami ni mmojawapo. Ni kazi ambayo tungaliifanya mwaka jana.

Ama babu, hakutaka kusikia lawama. Aliposimuliwa habari yote, alimwita mjukuu wake, akamkalisha pembeni yake mkekani. Akamwambia, “Mjukuu wangu, hayo ya njia mwachie Mungu, ndiye mwenye kuzijua. Wewe kesho niletee maji yangu.” Mtoto alimtazama kwa muda mrefu. Alfajiri nikasikia ndoo ikigonga mlango wa uani.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye sare na ada.