Kuta zenyewe zinatisha zaidi

Mwandishi wa makala yenu ameyasifu mazimwi ya Halloween pale kwenye gereza la zamani la Eastern State, Philadelphia, na sipingi. Tangu nyumba ya kutisha ya kwanza hadi ya mwisho nilipiga mayowe bila haya, hasa kwa kuwa nilivaa ule mkufu unaong'aa, ambao ni ruhusa kwa waigizaji kukushika. (Mume wangu aliukataa katakata, na bado alikuwa wa kwanza kukimbia.)

Lakini mbona jengo lenyewe kalipita haraka hivyo? Lile ni gereza la kweli, lilifunguliwa 1829 na kufungwa 1971. Mfungwa wa enzi za mwanzo alikaa peke yake, na akitolewa nje ya seli alifunikwa kichwa asione wala asitambulike. Charles Dickens alilitembelea 1842 akaulaani utaratibu huo kuwa ni mateso ya akili. Ukishajua hayo, damu ya rangi na moshi wa mashine unauona mchezo tu.

Anayekwenda Oktoba aanze mchana, asikilize maelezo yaliyorekodiwa kwa sauti ya mwigizaji Steve Buscemi, kisha arudi usiku. Na avae viatu vya kufunga.